Dar hadi Iringa kwa gari: Safari ya wawili isiyohitaji haraka

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanaijua barabara ya Iringa kupitia dirisha la basi. Wanaijua kwa alfajiri ya kuwahi kituoni, kwa dakika chache za 'kuchimba dawa' na kununua chipsi pale basi linaposimama, na kwa shingo inayouma kwa usingizi wa kukaa.

Mara nyingi safari hiyo huwa na sababu isiyotoa nafasi ya kutazama nje: msiba, harusi ya ndugu, mgonjwa aliyezidiwa, au sikukuu za mwisho wa mwaka. Msafiri anachotaka ni kufika. Yote yaliyo katikati huhesabiwa kuwa adha ya kuvumiliwa.

Lakini kwa mume na mke wenye gari, au wanaoweza kukodi, kilomita zipatazo 500 zilizopo kati ya miji hiyo miwili zinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Zinaweza kuwa ndiyo mapumziko yenyewe.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika miji ya Tanzania, ndugu na marafiki huchangishana mamilioni ya shilingi kwa ajili ya harusi ya siku moja. Ukumbi hupambwa, kamati hukaa vikao miezi mitatu, na picha za mnato na za video hupigwa bila kikomo.

Baada ya hapo hakuna kamati inayokaa kwa ajili ya ndoa. Fungate, ambayo wazee waliihesabu kuwa siku saba kamili, siku hizi hukatwa na ruhusa fupi ya kazini. Kinachofuata ni foleni, ada za shule na mazungumzo ya dakika kumi kabla ya kulala.

Gari linalokwenda mbali huwalazimisha wawili kukaa bega kwa bega kwa saa nyingi, wakitazama upande mmoja. Wapo wanaogundua humo kwamba bado wana mengi ya kuambiana. Wapo pia wanaogombana kabla ya kufika Chalinze.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili kwa kiasi kikubwa hutokana na swali moja linalopaswa kujibiwa kabla ya kuwasha gari: je, asiyeshika usukani ana kauli?

BARABARA YA MIZIGO

Ili kuelewa umuhimu wa swali hilo, ni vema kwanza kuijua barabara yenyewe. Hii si njia iliyojengwa kwa ajili ya watalii. Ni sehemu ya barabara kuu ya TANZAM, inayoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Zambia.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini ya kupitishia bidhaa na mafuta iko mashakani. Malori yakaanza kusafirisha shehena kupitia Tanzania katika njia ya vumbi na matope, ambayo madereva wa wakati huo waliipachika jina la njia ya jehanamu.

Barabara ya lami ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo haijapumzika. Mpaka leo hubeba shaba, mafuta, mbolea na makontena ya Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sambamba na mabasi ya mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Kwa hiyo mume na mke wanaoingia humo na gari dogo ni wageni katika nyumba ya malori. Mgeni mwenye adabu hafuati haraka za mwenyeji. Anatafuta nafasi yake, anapisha, anasimama pembeni, na anaondoka salama.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuigawa safari. Mabasi hufika Iringa kwa siku moja, na tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, yapo yanayotembea saa zote. Hiyo ni biashara yao. Wawili walioko mapumzikoni hawana sababu ya kushindana nayo.

Mpango unaofaa ni wa siku tano: siku ya kwanza kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, ya pili Mikumi hadi Iringa, ya tatu kukaa Iringa, ya nne kurudi hadi Morogoro, na ya tano kuingia Dar es Salaam kabla ya jua kuchwa. Kwa mpango huo hakuna siku ambayo dereva atalazimika kuendesha gizani.

KUTOKA DAR HADI MJI KASORO BAHARI

Atakayetoka saa 12:00 alfajiri atakuta barabara ya Kimara hadi Kibaha ina nafasi. Sehemu hiyo, ambayo zamani ilikuwa ikimaliza saa mbili za msafiri kabla hata hajauacha mji, sasa imepanuliwa na ina njia kadhaa kila upande.

Baada ya Kibaha na Mlandizi barabara hushuka kuvuka Mto Ruvu, na takriban kilomita 110 kutoka jijini inafika Chalinze. Hapo njia hugawanyika: ya kulia huelekea Tanga, Kilimanjaro na Arusha, na ya mbele huendelea Morogoro.

Chalinze ni mji uliojengwa na njaa ya wasafiri. Moshi wa mishikaki hauzimiki, na wachuuzi hukimbilia kila dirisha linalofunguka wakiwa na mayai ya kuchemsha, korosho, mahindi na maji. Abiria wa basi hununua kwa kunyoosha mkono. Mwenye gari lake anaweza kushuka na kuketi.

Kushuka huko ndiko kunakoleta tofauti. Bakuli la supu ya mbuzi lenye ndimu na pilipili, chapati mbili na chai ya rangi yenye tangawizi ni kifungua kinywa ambacho hoteli nyingi za jijini haziwezi kukishinda. Aliyekaa anaweza pia kuchagua: mahali penye wateja wengi chakula hakilali, na sufuria inayochemka mbele ya macho ni salama kuliko sahani iliyofunikwa tangu asubuhi.

Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 85. Kadiri gari linavyosonga, Milima ya Uluguru hujitokeza upande wa kushoto, kwanza kama wingu la bluu, kisha kama ukuta wa kijani. Vilele vyake vinazidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na mito inayoanzia humo ndiyo inayoilisha Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dar es Salaam.

Ni jambo la kufikirisha kwamba mkazi wa Ubungo au Kinondoni anayaoga maji ya mlima ambao pengine hajawahi kuutazama kwa dakika tano mfululizo.

Wenyeji huuita Morogoro 'mji kasoro bahari', wakimaanisha kwamba una kila kitu isipokuwa ufukwe. Soko lake hupokea mboga na matunda ya Mgeta, ndizi na mafenesi ya milimani, na viungo kama mdalasini na pilipili manga vinavyolimwa Uluguru.

Wenye pumzi wanaweza kupanda kwa miguu hadi Morningside, nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani iliyoko juu ya mji. Kupanda huko huchukua takriban saa mbili kwa mtu asiye na haraka. Wasio na pumzi wana njia nyingine: kukaa chini ya mti, kuagiza ndizi za kuchoma na kutazama ukungu unavyoushuka mlima.

Morogoro pia ni mji wa muziki. Hapa ndipo zilipotamba Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Nyimbo zao hufaa kusikilizwa ndani ya gari katika eneo hili hasa, na huleta kumbukumbu ya majonzi: Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa kijana wa miaka ya thelathini.

KAULI YA ALIYEKAA PEMBENI

Kumbukumbu hiyo inarudisha swali la kauli. Katika familia nyingi bado inachukuliwa kwamba aliyeshika usukani, ambaye mara nyingi ni mume, ndiye mwenye safari. Mke hukaa kushoto, hupokea simu, hugawa maji, na huvuta pumzi kimya pale gari linapochomoka nyuma ya lori kwenye kona isiyoonekana mbele.

Ukimya huo una gharama. Abiria wa mbele ana macho mawili ya ziada na hana kazi ya mikono. Anaweza kusoma vibao, kuona mtoto aliyesimama na ng'ombe ukingoni, na kutambua dereva anapoanza kusinzia kabla mwenyewe hajakubali kwamba amechoka.

Hivyo basi, wawili wanapaswa kukubaliana mapema kwamba neno "simama" na neno "punguza" likitamkwa na yeyote, hutiiwa kwanza na kujadiliwa baadaye. Mke anaposema, "Baba watoto, hapa hatuoni mbele," jibu sahihi si kumweleza miaka mingapi mume ameendesha. Jibu sahihi ni mguu kwenye breki.

Pale wote wawili wana leseni, kubadilishana usukani kila baada ya saa mbili ni bora zaidi. Mwanamke anayeendesha nje ya mji si kioja tena, na mume anayekaa pembeni hugundua haraka jinsi kona zinavyoonekana kutoka upande ule.

Makubaliano hayo hayo ndiyo yanayofanya safari iwe tamu. Anayeweza kusema "punguza" bila kuogopa kununiwa, anaweza pia kusema "simama tununue yale mapapai" au "hebu tuangalie mto huu kidogo". Safari ambayo dereva pekee ndiye anayeamua pa kusimama mara nyingi huishia kuwa na kituo kimoja tu, nacho ni cha mafuta.

Yapo na mambo machache ya barabara hii ambayo wote wawili wanapaswa kuyajua. Ndani ya vijiji na miji mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wenye 'tochi' za kupimia mwendo hawako mbali. Malori na mabasi mwisho wao ni kilomita 80 kwa saa.

Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani maana yake kuna gari lililoharibika mbele. Dereva wa lori akiwasha taa ya kulia wakati hageuki, kwa kawaida anaonya kwamba kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto huashiria kwamba njia ni nyeupe. Hiyo ni desturi, si sheria. Macho ya mwenye gari ndiyo yenye neno la mwisho.

Aidha, palipo na lori la mafuta lililoanguka si mahali pa kusimama wala kupiga picha. Agosti 2019 lori la aina hiyo lilianguka na kulipuka eneo la Msamvu, Morogoro, likiwa limezungukwa na watu, na idadi ya waliopoteza maisha ikapita 100.

TEMBO KANDO YA LAMI

Kiasi cha mwendo wa saa moja baada ya Morogoro, milima huachana na kuacha uwanda mpana wa nyasi. Hapo barabara huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kwa kilomita 50 msafiri hupita katikati ya hifadhi bila kulipa kiingilio.

Twiga, swala, pundamilia, nyati na tembo huonekana kutoka barabarani, hasa asubuhi na jioni. Nyani hukaa ukingoni kama wanaosubiri basi. Kuwapa chakula ni kosa, na pia ni kuwaua taratibu, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa hukimbilia magari.

Mwendo hapa unadhibitiwa kwa vibao na matuta, na usiku hupaswa kuwa wa chini zaidi. Lipo pia bango linaloorodhesha faini anayotozwa anayemgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Msafiri anayelisoma kwa makini hupunguza mwendo bila kuombwa.

Wanaotaka kuona zaidi wanaweza kulala mji wa Mikumi na kuingia hifadhini alfajiri kwa kulipia. Mtanzania hutozwa kwa shilingi kiasi kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni kutoka ng'ambo. Pamoja na hayo, katika magari ya kutazama wanyama sura za wageni bado ni nyingi kuliko za wananchi.

Chakula cha jioni Mikumi ni cha madereva wa malori: wali, maharage, mboga za majani, kuku wa kukaanga na nyama choma. Mchele mara nyingi hutoka bonde la Kilombero, na harufu yake hujulisha hivyo kabla sahani haijafika mezani.

Mwenye siku ya ziada anaweza kugeuka kushoto mjini Mikumi na kwenda takriban kilomita 60 kusini, kupitia mashamba ya miwa ya Kilombero, hadi Mang'ula. Hapo ndipo penye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita zipatazo 170, hufikiwa kwa miguu tu.

MIBUYU, VITUNGUU NA KITONGA

Siku ya pili ndiyo yenye mandhari ya kukumbukwa. Baada ya Mikumi barabara hupinda katika milima ya Iyovi, kisha hushuka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Hapa Mto Ruaha Mkuu unatenganisha mikoa ya Morogoro na Iringa.

Jina la mji huo halikutolewa bure. Mibuyu imesimama kila upande, kwenye mabonde na kwenye miteremko, kwa maelfu. Wakati wa kiangazi haina jani hata moja, na matawi yake hufanana na mizizi iliyoelekezwa juu. Mvua zikinyesha hujifunika kijani na kuonekana miti mingine kabisa.

Kando ya lami vitunguu vyekundu vimepangwa katika mifuko ya nyavu na ndoo, kwa urefu wa mita mia kadhaa. Ni vya wakulima wa umwagiliaji wa eneo hilo. Mkazi wa jiji hununua vitunguu hivyo hivyo gengeni kwake, baada ya kupita mikononi mwa dalali, mwenye lori, mwenye soko na mwenye genge.

Kununua hapa, hata mfuko mmoja tu, kunampa mkulima au mkewe fedha taslimu siku hiyo hiyo. Ni vema kununua wakati wa kurudi ili mzigo usizunguke bure, lakini salamu na kuulizia bei hufanywa wakati wa kwenda. Muuzaji atamkumbuka aliyemsalimia.

Kisha unakuja Mlima Kitonga. Barabara hukwea ukingo wa nyanda za juu kwa kona kali, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde refu. Malori yenye shehena hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, moja nyuma ya jingine, na yale yanayoshuka hutumia gia nzito huku breki zikinuka.

Hapa ndipo uvumilivu wa wawili hupimwa. Kulipita lori kwenye kona za Kitonga huokoa dakika tatu na kuweka rehani maisha yote. Dereva anapaswa kuacha nafasi mbele yake, kwa sababu lori likikosa nguvu huweza kurudi nyuma. Wakati wa kushuka, gari dogo nalo litumie gia ya chini badala ya kukanyaga breki mfululizo.

Anayesubiri kwa utulivu hulipwa. Kwa mwendo ule wa pole abiria anaweza kushusha kioo na kutazama bonde la mibuyu likizidi kuzama chini, huku upepo ukibadilika kutoka moto kuwa baridi. Ni nadra mtu kuhisi kwa ngozi yake, ndani ya muda mfupi namna hiyo, jinsi nchi inavyopanda.

Juu ya mlima hali ni nyingine. Ilula ni nchi ya nyanya, zinazojazwa kwenye matenga na kupakiwa kwenda Dar es Salaam. Mbele kidogo, karibu na Lugalo, kuna mnara wa kumbukumbu ambao magari mengi huupita bila kugeuza macho.

Hapo Agosti 17, 1891 jeshi la Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye Zelewski akauawa. Mnara huo waliujenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Dakika kumi za kusimama hapo zinatosha kumfanya mtu aione barabara hiyo kwa jicho jingine.

MKAHAWA WA ISHARA

Iringa haiko barabarani. Gari hufika Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kisha hupanda kilima hadi mjini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Kati ya Juni na Agosti baridi yake si ya mzaha, na mkazi wa pwani asiyebeba sweta atalinunua sokoni siku hiyo hiyo.

Anayetafuta mkahawa wa kukaa na kuzungumza ana jambo la pekee hapa. Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapa kazi watu wenye ulemavu, kimejulikana kwa mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka, au hujifunza ishara.

Kwa wawili waliotumia siku mbili kujifunza kusikilizana, kuagiza kahawa bila kutoa sauti ni somo zuri. Mtu hulazimika kumtazama usoni anayezungumza naye, jambo ambalo mume na mke wenye simu mbili mezani hulisahau.

Kuhusu kahawa yenyewe, msafiri ajue kwamba sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje. Migahawa mingi ya barabarani hutoa maji ya moto na kopo la Africafé, kahawa ya unga inayotengenezwa Bukoba. Anayetaka iliyosagwa na kupikwa aulize kabla ya kuketi, na asikasirike akiambiwa iliyopo ni chai ya maziwa. Maziwa ya Iringa ni mazito na chai yake haina mpinzani.

Chakula cha hapa ni cha nchi ya baridi: ugali wa mahindi meupe, maharage, njegere, viazi mviringo na mboga za majani za aina nyingi. Samaki huletwa kutoka bwawa la Mtera. Msimu wa mvua hupatikana ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye machipukizi ya mianzi. Huonjwa jioni, gari likiwa limeegeshwa na ufunguo ukiwa mfukoni.

Siku ya tatu inatosha kwa mambo manne. La kwanza ni Isimila, yapata kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, ambako zana za mawe za binadamu wa kale ziligunduliwa mwaka 1951, na ambako mmomonyoko umeacha nguzo ndefu za udongo na mchanga zilizosimama kama minara.

La pili ni Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894. Katika makumbusho yake limehifadhiwa fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya Mkwawa kujiua badala ya kukubali kutekwa.

La tatu ni jengo la Boma la Wajerumani mjini, lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. La nne ni jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Wawili wanaolipanda saa 11:00 jioni huuona mji wote chini yao, mabati yakiwaka kwa jua la mwisho.

HESABU YA SAFARI

Gharama ya safari hii inahesabika bila kubahatisha. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko, ni takriban kilomita 1,100. Gari dogo linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 110. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, hivyo hesabu hiyo hufanywa nyumbani kwa kalamu.

Yanayobaki ni malazi ya usiku nne, chakula, viingilio na akiba ya dharura. Kwa wenye kipato cha kati si fedha ndogo. Lakini mara nyingi haizidi kile ambacho wawili hao hutoa kwa mwaka kama michango ya harusi za wengine.

Gari likaguliwe siku tatu kabla, si asubuhi ya kuondoka: breki, matairi na la akiba, maji ya rejeta, taa na mikanda. Ndani ziwepo pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, jeki, maji ya kunywa na fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa muuza vitunguu hana chenji ya noti kubwa.

Jambo la mwisho halikaguliwi na fundi. Ni ratiba iliyo na nafasi tupu ndani yake. Wanaopanga kila saa huishia kuikimbiza ratiba kama dereva wa basi anavyoikimbiza yake, na kurudi wakiwa na picha nyingi na uchovu mwingi.

Siku ya tano, gari likiingia Kibaha na foleni ya kwanza ikionekana mbele, mfuko wa vitunguu utakuwa unanuka nyuma na kikapu cha Iringa kitakuwa kimelaliwa na sweta. Simu zitaanza kuita. Kesho yake kila mmoja atakwenda kazini kwake.

Lakini mmoja akisema "punguza", mwingine atakuwa tayari amezoea kusikia.